Fowili haikusaidii kusimama
Masika haya, kwa mnaopanda Matamba kutokea Chimala au mnaozunguka Makete na Kitulo, naomba mlishike hili: fowili (injini kuvuta magurudumu yote manne) inalisaidia gari kuondoka na kupanda, lakini haifupishi hata kidogo umbali wa kusimama. Wengi wanapanda vizuri kabisa, kisha wanaharibikiwa kwenye mteremko.

Zile kona za Hamsini na Saba za barabara ya Chimala na Matamba zikilowa, simamisha gari kabla mteremko haujaanza. Weka 4L (fowili ya mwendo mdogo wenye nguvu), gia namba moja, halafu toa mguu kwenye klachi kabisa na uache injini izuie gari. Breki iguse kidogo kidogo tu. Ukiikanyaga kwa nguvu matairi yanaganda, na tairi lisilozunguka halifuati usukani. Gari linakwenda moja kwa moja korongoni. Likianza kuserereka, achia breki, elekeza usukani unakotaka kwenda, na ukiona mkia unataka kulipita gari gusa mafuta kidogo. Najua moyo unakataa, ila fanya hivyo.

Gari za zamani zenye loki kwenye habu za mbele (vitovu vya magurudumu, ambavyo visipofungwa fowili haifiki mbele), shuka uzifunge ukiwa bado pakavu, usisubiri ukwame.

Juni na Julai Kitulo hupata sakitu (umande ulioganda), kule juu ni zaidi ya mita 2,600. Asubuhi nyasi zikiwa nyeupe, subiri jua litoke kwanza.

Ukifika lami Chimala, toa fowili. Lami kavu inaichosha gia boksi.