SOMO: Kutengeneza bosi mgumu ambaye mchezaji atataka kurudi kumkabili

Tangu msimu wa korosho uliopita nimeulizwa swali hilihili kwenye simu, barazani na hata kwenye foleni ya mzani: kwa nini bosi wa gemu fulani, yaani adui mkubwa anayemzuia mchezaji njia, anapendwa japo anaua watu mara hamsini, ilhali bosi wangu anachosha baada ya mara tatu? Naandika jibu mara moja ili nikiulizwa tena nielekeze hapa. Mfano wangu ni bosi wa gemu ninayoitengeneza hapa Mtwara kwa Godot, ambayo ni programu ya bure ya kutengenezea gemu. Bosi huyo ni lipiko, mchezaji wa ngoma ya Kimakonde aliyevaa kinyago cha kichwani, na mapigo yake yote yanafuata ngoma.

Hatua ya 1. Amua bosi anatahini nini. Kama gemu imemfundisha mchezaji kuruka na kukwepa, mtahini hayo na si mengine. Katika gemu ya Mega Man ya mwaka 1987, silaha unayoipata kwa bosi mmoja ndiyo inayomuumiza zaidi bosi mwingine, kwa hiyo hata mpangilio wa kuwaendea ni sehemu ya mtihani.

Hatua ya 2. Tengeneza uwanja mtupu ambao bosi ataonekana mzima wakati wote.

Hatua ya 3. Mpe mapigo matatu au manne yasiyofanana umbo.

Hatua ya 4. Weka ishara kabla ya kila pigo. Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo naomba usiparuke. Lipiko wangu huinua mguu wa kulia, kisha hukanyaga ardhi na wimbi la vumbi humwendea mchezaji. Kati ya kuinua mguu na kukanyaga niliweka fremu 12 (fremu ni picha mojamoja zinazounda mwendo), ambazo kwa mwendo wa fremu 60 kwa sekunde ni moja ya tano ya sekunde. Mtu huhitaji takriban robo sekunde kuitikia kitu anachokiona ghafla, na hapo bado hajachagua akwepe upande gani. Mimi nilikuwa nakwepa bila shida, kwa kuwa pigo nimeliandika mwenyewe na mwili wangu ulishajua linakuja lini, nikadhani bosi yuko sawa. Nikabeba kompyuta hadi banda la gemu la mtaani kwetu Chikongola, nikampa padi, kifaa cha vitufe cha kuchezea, mpwa wangu wa miaka 13. Nilikitazama kidole gumba chake: kila mara kilibonyeza kitufe cha kukwepa baada ya vumbi kumfika, na mara ya tisa kilibaki juu ya kitufe bila kubonyeza. Nilipomuuliza amekufa kwa nini, alisema, "Sijui, mjomba," akaiweka padi mezani na kwenda kutazama wenzake wakicheza mpira.

Jibu lile lilinifanya nianze upya. Mchezaji anayejua kilichomuua anarudi, kwa sababu ana kitu cha kurekebisha. Asiyejua hana la kurudia. Sasa bega la lipiko hushuka kwanza, mguu hupanda polepole, ngoma ndogo hulia mara tatu na ngoma kubwa hulia mguu unapotua, jumla fremu 36. Kijana yule alikufa mara nyingi zaidi ya siku ya kwanza, lakini safari hii alikuwa akijieleza kwa sauti kabla ya mimi kumuuliza: "Nimewahi." "Nimekwepa upande wa mguu." Alipomshinda lipiko, kijana alisimama, akaomba aanze tena ili wenzake waone.

Maonyo ni matatu. Ishara moja isitumike kwa mapigo mawili tofauti katika awamu ya kwanza, yaani sehemu ya mwanzo ya pambano. Ishara iwe ya macho na ya masikio pamoja, maana bandani kuna kelele na wengi hucheza simu ikiwa kimya. Tena eneo la pigo lisizidi umbo linaloonekana, kwa kuwa mchezaji aliyeguswa na hewa tupu hatakuamini tena.

Hatua ya 5. Baada ya pigo, mwache bosi apumue, na pigo zito lifuatiwe na pumziko refu zaidi. Hiyo ndiyo nafasi ya mchezaji kujibu. Njia nyingine ni ile ya Sekiro ya mwaka 2019, ambamo kukinga pigo kwa wakati wake kunamvunjia adui msimamo, hivi kwamba mchezaji anajitengenezea nafasi mwenyewe badala ya kuingoja.

Hatua ya 6. Awamu ya pili ichukue yaleyale aliyojifunza na kuyapinda. Lipiko wangu anaendelea kukanyaga, ila ngoma inaongeza kasi na kila mkanyago unafuatwa na mzunguko mmoja wa mwili. Ukileta bosi mpya kabisa katikati ya pambano, umemnyang'anya mchezaji alichokilipia kwa vifo vyake.

Hatua ya 7. Usiongeze damu ya bosi, yaani uhai unaopungua kila anapopigwa, ili awe mgumu. Unaongeza urefu tu.

Hatua ya 8. Fupisha safari ya kurudi. Katika Elden Ring ya mwaka 2022, karibu na mabosi wengi kuna mahali pa kufufukia, na naamini watu wengi wanawavumilia mabosi wale kwa sababu hiyo. Cuphead ya mwaka 2017 inafanya jambo ninalolipenda zaidi: ukifa, inakuonyesha mstari na mahali ulipofikia kabla ya kummaliza bosi, ukaona umebakiza kidogo.

Hatua ya 9. Mpe padi mtu ambaye hajawahi kuiona gemu yako, ukae nyuma yake, usiseme neno.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Masasi: Mkuu, bosi wangu ni rahisi sana. Nimemwongezea damu mara kumi lakini watu wanasema anachosha. Nifanyeje?

Jibu: Soma hatua ya 7.

Kutoka Lindi mjini: Habari, tuma faili lote la huyo bosi, nitabadilisha picha tu.

Jibu: Sitatuma. Ukibadilisha picha, ishara zote zitabadilika, na utarudi hapa kuuliza kwa nini watu hawawezi kukwepa.

Kutoka Newala: Shikamoo kaka. Umesema ishara iwe wazi, lakini Margit wa Elden Ring huinua fimbo na kuishikilia hewani muda mrefu, na watu wengi hukwepa mapema wakapigwa. Mbona hiyo haihesabiki kuwa dhuluma?

Jibu: Marahaba dada, hili ndilo swali nililotamani mtu aliulize. Margit haifichi ishara, anaichelewesha. Fimbo inaonekana muda wote, na anayepigwa anaona alikwepa alipoona fimbo ikipanda badala ya kungoja ianze kushuka. Kosa lina jina, na jaribio linalofuata lina kazi. Fremu 12 zangu hazikuwa na jina lolote. Ukitaka kuchelewesha, fanya hivyo kwa pigo moja tu, na mwendo wa kushuka uwe na alama yake. Kwangu mimi, alama hiyo ni ngoma kunyamaza ghafla.

Kutoka Nachingwea: Kwenye simu yangu ya zamani bosi anakwenda polepole na ishara imekuwa ndefu mno.

Jibu: Umehesabu kwa fremu. Simu inayotoa fremu 30 kwa sekunde itazirefusha fremu 36 mara mbili. Mimi nafikiri kwa fremu, lakini ndani ya programu naandika sekunde 0.6. Ukiwa hapo, fanya gemu ijihifadhi mlangoni kwa bosi, maana umeme ukikatika hakuna atakayerudia safari nzima.

Kutoka Mikindani: Je, anayeshindwa kabisa asaidiwe, au tutaharibu ladha?

Jibu: Asaidiwe. Celeste ya mwaka 2018 inamruhusu mchezaji kupunguza kasi ya gemu yote, na anayetaka ugumu haguswi. Mimi napunguza kasi ya ngoma, na ishara zinabaki zilezile.

Kutoka Tandahimba: Ndugu yangu, lipiko ni jambo la jando. Uliwauliza wazee kabla ya kumfanya adui?

Jibu: Nilimwendea mjomba wangu kabla ya kuchora mstari wa kwanza, na nakushukuru kwa kuuliza. Alikubali kwa masharti mawili: kinyago kisivuliwe, na lipiko asiuawe. Kwa hiyo damu yake ikiisha hadondoki. Ngoma inapungua, anarudi nyuma akicheza hadi anatoka uwanjani, na mchezaji anabaki peke yake akisikia ngoma ndogo kwa mbali. Nilikuwa nimepanga mlipuko na vumbi jingi pale mwisho. Nimeufuta, na mpwa wangu anasema sasa huingoja sehemu hiyo.