Somo: Kutunza insulini nyumbani bila friji

Kila wiki naulizwa jambo hili hili, basi naliandika mara moja. Ni kwa wenye mtoto au mzazi anayechoma insulini, dawa ya kisukari, na umeme haupo au unakatika ovyo.

1. Tafuta vyungu viwili vya udongo visivyopakwa rangi, kimoja kiingie ndani ya kingine kwa nafasi ya vidole viwili.

2. Jaza mchanga kwenye nafasi hiyo, umwagie maji hadi ulowe.

3. Boksi la insulini litie kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa, liingie chungu cha ndani. Funika kwa kitambaa kibichi.

4. Weka kivulini panapopita upepo. Maji asubuhi na jioni.

5. Isigande! Hapa ndipo wengi huharibu. Wanaona chungu hakina baridi ya kutosha, wanatia barafu, au wanampa jirani mwenye friji naye anaisukumia kwenye freeza. Insulini iliyoganda imekufa, hata ikiyeyuka ikaonekana safi. Mtoto atachomwa dozi ileile, sukari itapanda, atakunywa maji na kukojoa usiku kucha, nanyi mtamgombeza kwamba kala pipi. Akianza kutapika au kuhema kwa kasi, mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo. Ukiwa na shaka kwamba iliganda, itupe. Kwenye friji ya jirani ikae rafu ya katikati, mbali na ukuta wa nyuma, nyuzi 2 hadi 8.

6. Ukifungua kichupa, andika tarehe kwenye boksi. Nyingi hudumu wiki 4 tu. Soma karatasi iliyomo ndani.

Swali: Freeza usiku mmoja tu je?
Jibu: Hapana. Soma hatua ya 5.

Swali: Niko Tanga, chungu changu hakipoi kama cha shemeji yangu wa Dodoma. Kwa nini?
Jibu: Umeuliza vizuri. Maji hupenya udongo, hukauka upande wa nje na kuondoka na joto. Hewa ya Dodoma ni kavu, maji hukauka upesi. Pwani hewa imejaa unyevu. Kisogeze dirishani penye upepo, lakini jua lisikipige, na utie kipimajoto ndani. Kikizidi nyuzi 30, omba kliniki ikutunzie akiba, uwe unachukua kichupa kimoja kimoja.

Swali: Mwanangu ana kisukari cha aina ya kwanza. Bibi yake anasema tumpe mlonge tuache sindano.
Jibu: Msiache hata siku moja. Mwili wake hautengenezi insulini. Bila sindano atakufa. Bibi mheshimuni, mwende naye kliniki asikie mwenyewe.

Swali: Safari ya basi?
Jibu: Mkobani, usiiweke kwenye buti. Beba na sukari: mgonjwa akitetemeka na kutoka jasho, kipimo cha sukari kikasoma chini ya 3.9 mmol/L, mtu mzima mkorogee sukari vijiko vitatu vidogo vya chai kwenye maji, mtoto mdogo apate pungufu ya hapo, kisha pima tena baada ya dakika 15. Akizimia usimmiminie kitu mdomoni, hospitali.

Nyongeza ya mwenzetu wa Mwanza: sindano zilizotumika azitia kwenye dumu gumu lenye kifuniko, likikaribia kujaa analirudisha zahanati.
Jibu: Ahsante, fanyeni hivyo wote. Watoto huchezea jalalani.