Laptopu Inapoganda Katikati ya Kusakinisha Upya Mfumo Endeshi: Namna ya Kutafuta Chanzo

Hapa Bukavu, mtu anayeleta laptopu iliyoganda katikati ya kuwekewa Windows upya huja mara nyingi na hukumu iliyokwisha kukatwa: «Papa fundi, flashi ni mbovu», au «mashini imekufa». Hukumu zote mbili zinaweza kuwa za kweli, lakini hazisaidii kitu mpaka lijulikane jambo ambalo wachache hukumbuka kuliangalia, nalo ni mahali hasa kazi iliposimama. Kuganda kwenye nembo kabla ya dirisha lolote kufunguka, kuganda katika asilimia fulani ya kunakili faili, na kuganda baada ya mashini kujiwasha upya kwa mara ya kwanza ni magonjwa matatu tofauti. Kwa hiyo, kabla hujabonyeza kitufe cha kuzima, piga picha ya skrini kwa simu yako na uandike ni saa ngapi. Picha hiyo itakuokolea nusu ya kazi.

Kuganda au kwenda polepole?

Laptopu za okazyo, yaani zilizokwisha kutumiwa na mtu mwingine, hasa zile za miaka ya nyuma, bado zina diski ya kuzunguka badala ya SSD, diski isiyo na sehemu inayozunguka. Kwenye diski ya namna hiyo asilimia inaweza kusimama palepale kwa muda mrefu, kisha ikaruka ghafla, na anayekosa subira huzima mashini iliyokuwa inafanya kazi yake. Mimi hungoja dakika 30 kama kuna SSD, na saa moja na nusu kama diski ni ya kuzunguka, ndipo nakubali kwamba imeganda. Wakati huo huo hutafuta dalili za uhai: taa ya diski inayopepesa, mlio mdogo wa diski, mshale wa kipanya unaosogea. Kipimo kizuri kuliko vyote ni kitufe cha kufungia herufi kubwa, kile kilicho juu ya Shift upande wa kushoto. Ikiwa taa yake huwaka na kuzimika kila unapokibonyeza, mashini ingali inasikia, na kilichokwama huenda ni programu ya kusakinisha peke yake. Taa isipobadilika hata ukibonyeza mara kumi, hapo shikilia kitufe cha umeme kwa sekunde 10 mpaka mashini izimike.

Kuna pia kuganda kwa uongo. Wapo bado wanaoomba Windows 7, ingawa Microsoft iliacha kuihudumia tarehe 14 Januari 2020. Toleo hilo halikuja na kiendeshi cha USB 3.0, yaani ile programu ndogo inayoiwezesha mashini kuzungumza na kifaa, na kwa sababu hiyo, kwenye laptopu zenye prosesa ya Intel ya kizazi cha 6 na kuendelea, dirisha la kwanza hufunguka vizuri lakini kipanya cha USB hakisogei na flashi yenyewe haionekani tena. Mtu huapa kwamba mashini imeganda, kumbe ni nzima kabisa. Vilevile usichanganye kuganda na kukataliwa. Tangu huduma ya Windows 10 ilipokoma tarehe 14 Oktoba 2025, wengi wanajaribu kuweka Windows 11 kwenye mashini zisizofaa. Windows 11 inadai TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya mashini), RAM (kumbukumbu ya muda ya kufanyia kazi) ya gigabaiti 4 na nafasi ya gigabaiti 64, na isipovipata husema waziwazi kwamba kompyuta haikidhi masharti. Hiyo haihitaji fundi, inahitaji kuchagua mfumo mwingine.

Faili za mwenyewe kwanza

Kabla ya kujaribu tena, uliza kama ndani ya diski kuna kitu ambacho mwenyewe hawezi kukipoteza. Niliwahi kuletewa laptopu ya mwanafunzi ambayo ilikuwa na TFC yake nzima, yaani kazi ya kumalizia masomo ya chuo, bila nakala mahali pengine popote, na tayari mtu mwingine alikuwa ameanza kusakinisha mara tatu juu ya diski iliyokuwa inakufa. Kila jaribio lilikuwa linaikaribisha diski ile kwenye kaburi lake. Njia salama ni kuwasha mashini kwa flashi ya Linux, mfumo endeshi mwingine usio Windows, inayofanya kazi bila kusakinishwa, kama Ubuntu au Linux Mint, kisha kufungua diski na kunakili faili kwenye diski ya nje. Usibonyeze popote palipoandikwa kusakinisha.

Flashi hiyo ya Linux ina faida ya pili. Iache iendelee kuwaka kwa saa nzima, ukifungua programu na kucheza video. Kama nayo inaganda, tatizo haliko kwenye Windows wala kwenye flashi ya kwanza. Tafuta kwenye RAM, kwenye joto au kwenye ubao mama, yaani ule ubao mkuu unaounganisha vifaa vyote. Kama Linux inatembea vizuri saa nzima bila kugusa diski, lakini usakinishaji unakufa kila mara unapoanza kuandika kwenye diski, basi una haki ya kuishuku diski.

Umeme

Umeme wetu hutoka kwenye mitambo ya mto Ruzizi, na kila mkaaji wa Ibanda, Kadutu au Bagira anajua maana ya delestaji, yaani mgao wa umeme. Chaja nyingi zimeandikwa kwamba hupokea volti 100 hadi 240, kwa hiyo umeme kushuka jioni si lazima uzisumbue. Kinachoua kazi ni kukatika, hata kwa nusu sekunde, kwenye laptopu ambayo betri yake ilikufa zamani na inaishi kwa chaja tu. Mashini hujiwasha upya katikati ya kunakili, inaacha mfumo nusu, na jaribio linalofuata hukwama juu ya mabaki ya lile la kwanza. Anza kazi betri ikiwa imejaa. Kama betri imekufa, azima betri au fanya kazi kwenye nyumba yenye betri kubwa za sola na inverta. Jenereta ndogo zisizotulia siziamini kwa kazi hii. Angalia pia wati zilizoandikwa kwenye chaja: laptopu inayodai wati 65 ukiipa chaja ya wati 45 inaweza kupunguza mwendo wake mpaka ukadhani imeganda.

Flashi na faili la usakinishaji

Faili la Windows huzidi gigabaiti 5, na mtu anayelipakua kwa mega za simu, mtandao ukikatika na kurudi, anaweza kuishia na faili lenye kasoro ambalo kwa macho ni kamili. Usikisie. Kwenye Windows, fungua dirisha la amri uandike certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256; kwenye Linux andika sha256sum na jina la faili. Utapata mfululizo wa herufi na tarakimu 64 ambao lazima ulingane na ule uliochapishwa na mtengenezaji wa mfumo. Herufi moja ikitofautiana, faili ni la kutupa. Nakala inayopitishwa kutoka kwa fundi mmoja hadi mwingine, ambayo hakuna anayejua ilianzia wapi, siitumii hata ikiwa ni ya bure.

Flashi yenyewe ni hadithi nyingine. Zinauzwa flashi zilizoandikwa gigabaiti 64 au 128 ambazo ndani yake zina sehemu ndogo tu ya nafasi hiyo. Huandika juu ya data zilizotangulia bila kulalamika, na usakinishaji hukwama katika asilimia ileile kila mara, kwa sababu faili inayotafutwa pale haipo tena. Programu ya H2testw kwa Windows, au F3 kwa Linux, hujaza flashi yote na kuisoma upya, na hapo uongo hufichuka. Ila kumbuka kuondoa kwanza vitu vyako vilivyomo. Ukishahakikisha, tengeneza flashi upya kwa Rufus, programu ya kuandalia flashi ya kusakinishia, na ukiweza tumia mlango mwingine wa USB. Flashi moja inayokwama kwenye asilimia ileile katika laptopu mbili tofauti imejihukumu yenyewe.

Diski na RAM

Hapa ndipo chanzo kinapopatikana mara nyingi, na ndipo watu hawataki kuangalia kwa kuwa tiba yake ni pesa. Diski ya kuzunguka inayogonga «tak, tak» haihitaji kipimo kingine. Isipogonga, ukiwa ndani ya Linux, sakinisha smartmontools, programu ya kusoma afya ya diski, kisha andika sudo smartctl -a /dev/sda, ukihakikisha kwamba sda ndiyo diski ya laptopu wala si flashi. Katika jedwali litakalotokea, angalia mstari wa 5, unaohesabu sehemu zilizoharibika na kubadilishwa, na mstari wa 197, unaohesabu sehemu zinazosubiri kuhukumiwa. Thamani ghafi ya mstari wa 197 ikiwa juu ya sifuri, diski inahangaika kusoma sehemu fulani, na kila inapozifikia husimama na kujaribu tena na tena. Hicho ndicho unachokiona kama kuganda. Mstari wa 199 ukiwa unapanda, usinunue diski kwanza: huo huelekea zaidi kwenye waya au kiunganishi kilicholegea, na kuchomoa diski na kuirudisha vizuri kunaweza kutosha.

RAM mbovu ni mjanja zaidi, kwa sababu haikwamishi mahali pamoja. Leo ni asilimia 12, kesho 61, keshokutwa skrini ya buluu. Ukiona kuhamahama kwa namna hiyo, acha kila kitu utengeneze flashi ya Memtest86+, programu ya kupima RAM, kisha uiache ipime mzunguko mmoja mzima au zaidi, kazi ambayo inaweza kuchukua saa kadhaa kwenye mashini yenye RAM nyingi. Kosa moja tu linatosha kuihukumu. Kabla ya kununua nyingine, zima mashini, ondoa chaja na betri, chomoa vijiti vya RAM, safisha meno yake ya dhahabu kwa upole ukitumia kifutio cha penseli, virudishe, na upime kijiti kimoja kimoja. Mara nyingine kijiti ni kizima na tundu ndilo lenye vumbi.

Kuhusu joto nitasema machache. Bukavu iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,500 na hewa yetu si ya kuunguza, kwa hiyo laptopu inayochemka hapa imezibwa kutoka ndani: vumbi kwenye feni, au mafuta mazito yaliyo kati ya prosesa na chuma cha kuipoozea yamekauka. Safisha, paka mapya, na usifanyie kazi hiyo juu ya kitanda.

Mipangilio, klavye na kuwashwa upya

Usakinishaji ukifika kwenye orodha ya diski na orodha ikawa tupu, au ikazunguka bila mwisho, ingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashini inayofunguliwa kabla mfumo haujawaka. Laptopu nyingi zenye prosesa za Intel za kizazi cha 11 na kuendelea huficha SSD nyuma ya mpangilio uitwao VMD. Ama unauzima, ama unaweka kiendeshi chake kwenye flashi na kukipakia wakati huo. Ukiuzima kwenye mashini ambayo mfumo wake wa zamani bado unahitajika, mfumo huo unaweza kukataa kuwaka, kwa hiyo fanya hivyo pale tu unapofuta vyote.

Mabaki ya jaribio lililokufa husafishwa kwa diskpart, programu ya Windows ya kupanga na kufuta diski. Kwenye dirisha la usakinishaji bonyeza Shift na F10, andika diskpart, kisha list disk, usome ukubwa wa kila diski kwa makini, kisha select disk na namba yake, kisha clean. Amri hii ya mwisho haiulizi mara mbili, na flashi yako nayo iko kwenye orodha hiyo.

Hapa klavye (kibodi) zetu za AZERTY, zenye mpangilio wa herufi wa Kifaransa, huleta mkanganyiko. Ikiwa faili la usakinishaji ni la Kiingereza, mashini hudhani una QWERTY, mpangilio wa Kiingereza: ili kupata herufi a, bonyeza kitufe chenye Q; ili kupata m, bonyeza chenye koma; na mkwaju (/) uko kwenye kitufe chenye alama ya mshangao. Nimeona mtu akiandika diskpqrt mara tano, akikataliwa kila mara, na kulaumu mashini. Jambo hilohilo hutokea kwenye Linux inayoganda na skrini nyeusi kwa sababu ya kadi ya picha. Kwenye menyu ya kuwasha bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno linux, ongeza nomodeset mwishoni mwake, ukipata ile m kwa kitufe cha koma, kisha bonyeza F10.

Mashini ikijiwasha upya na kurudi kwenye dirisha la kwanza kana kwamba haikufanya chochote, haijaganda. Imeanza tena kutoka kwenye flashi. Chomoa flashi uiwashe tena. Ikikwama pale inapotayarisha vifaa, ondoa kila kilichochomekwa, kuanzia printa hadi kipanya, uijaribu ikiwa tupu. Ikikwama inapotafuta masasisho, kata mtandao kwa muda, au ngoja saa ambazo mtandao wa simu huwa mwepesi.

Ikiwa umebadilisha flashi, umepima RAM, umeweka diski nyingine, umeme umetulia, na mashini bado inaganda, kilichobaki ni ubao mama, na hapo bisibisi ya nyumbani haitoshi. Mpelekee fundi wa vifaa vya elektroniki picha ulizopiga pamoja na karatasi yenye saa, asilimia na kila ulichokibadilisha, kimoja kimoja kwa mpangilio wake, ili asikulipishe kwa kurudia vipimo ulivyokwisha kuvifanya.