Kukaa kimya mikokoni maji yakipwa

Anayepita mikokoni kwa miguu huona matundu tu kwenye tope, akarudi akisema hakuna kitu. Akiketi robo saa bila kutikisika, tope lile lile hujaa kaa. Mwongozo huu ni wa mtu aliyechoka, anayetaka kuipata robo saa hiyo na saa nzima inayofuata.

Anza kwa kuhesabu mwezi. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku moja au mbili baada ya hapo. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo tu. Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, siku za bamvua maji hupwa kabisa kwenye saa nne asubuhi au kupita kidogo, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Ziara ya kwanza iwe ya bamvua, maana tope la chini hufunuka lote. Fika saa mbili na nusu, maji yakiwa bado yanatoka.

Kama hujazoea matope, anzia penye daraja la mbao: Gazi na Mida kule Kenya, au Pete karibu na Jozani, Unguja. Kwingineko nenda na mwenyeji anayejua mikondo ya hori, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Chukua maji lita moja, kofia, nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya mbu, kipande cha turubai cha kukalia, daftari na penseli. Kalamu ya wino haifai kwenye unyevu. Vaa viatu vya kufunga kamba. Malapa hubaki matopeni, na chaza walioshika kwenye mizizi hukata nyayo kama wembe. Simu izime, isiwe ya kutetema tu.

Mahali pa kukaa pana masharti mawili. Kivuli chako kisianguke kwenye matundu, kwa kuwa kaa hukichukulia kama ndege anayewinda. Pili, uwe mita mbili au tatu kutoka matundu ya karibu. Keti, nyoosha miguu kabla haijafa ganzi, kisha tulia. Dakika 10 za mwanzo hazionyeshi chochote, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Kaa anauhisi mtikisiko wa ardhi na anaona mkono unaoinuka. Ukimfukuza mbu kwa kofi, unaanza kusubiri upya. Mpanguse polepole.

Wakishatoka, usiangalie msitu mzima. Jichagulie eneo la mita moja mraba, na ndani yake kaa mmoja. Wale wadogo wenye gando moja kubwa la rangi ni madume. Mhesabu: anapeleka tope mdomoni mara ngapi kabla ya kusogea? Jike hula kwa magando mawili, dume kwa moja tu, kwani lile kubwa ni la kuitia majike na kupigania tundu, halimfai kwa chakula. Huenda ukamwona mwenye gando dogo kuliko wenzake. Kaa akipoteza gando, humrudia kidogo kidogo kila anapojivua gamba, na kila akijivua huwa laini kwa muda na hujificha. Mtu aliyetoka kwenye ugonjwa au msiba na anajilaumu kwa kukaa ndani amtazame huyo kwa muda mrefu.

Kisha geukia miti. Mchu, aina mojawapo ya mikoko, una mizizi ya kupumulia iliyosimama matopeni kama penseli, na chumvi inayozidi huitoa kupitia majani: ramba jani uionje. Mkoko wenyewe huizuia chumvi nyingi mizizini, ndiyo maana jani lake halina ladha hiyo. Na angalia vijiti vya kijani vinavyoning'inia mkokoni, vingine vya nusu mita. Hizo ni mbegu zilizokwisha kuota zikiwa bado juu ya mama yao. Usizichume, zikikomaa huanguka zenyewe, zikajichomeka hapo hapo au zikaelea hadi tope jingine.

Daftarini gawa ukurasa mara mbili. Kushoto andika ulichokiona, kwa idadi na saa: "kaa 7, saa 3:20, mmoja amefukuzwa". Kulia ni pa yale yanayokugusa wewe, na paachwe patupu hadi ufike nyumbani. Kosa kubwa kuliko yote ni kukimbilia funzo. Anayekuja akitafuta subira ataiona subira hata kwa kaa anayepigana, na atakuwa amejitazama mwenyewe asubuhi nzima.

Maji yakianza kugeuka, inuka. Saa ya kwanza hujaa taratibu, lakini saa ya tatu na ya nne huleta karibu nusu ya maji yote, na siku ya bamvua hiyo ni zaidi ya mita moja na nusu. Hujaa kwanza kwenye mifereji iliyo nyuma yako, si mbele unakotazama. Rudi kwa kukanyaga nyayo zako zile zile, usibomoe matundu mengine.

Nenda mara nne katika mwezi mmoja, mahali pale pale: bamvua, maji mafu, bamvua, maji mafu. Siku za maji mafu kupwa huangukia alasiri, na tope la juu lisilofikiwa na maji siku kadhaa hukauka, hata likapasuka. Lichore lilivyo, uweke na tarehe. Bamvua ifuatayo keti pale pale, ufungue mchoro huo, uhesabu matundu upya.

Ikiwa usingizi au hamu ya kula imepotea kwa wiki kadhaa, mwone mhudumu wa afya kwanza. Mikoko utaikuta.