Namna ya kuendesha Cobra ya kuigiza huku Mbeya bila kuiacha korongoni

Sa kwanza tuelewane hii gari ni nini, maana jamaa mmoja pale Mwanjelwa aliniuliza kama ni Mazda iliyokatwa paa. Mwaka 1962 Carroll Shelby wa Texas alichukua kigari chepesi cha Waingereza kinaitwa AC Ace akakitumbukizia V8 ya Ford, yaani injini ya silinda nane, ikawa Cobra, na 1965 ikaja ile yenye injini ya lita 7. Zile orijino zilitoka kama elfu moja tu, bei zake ni za matajiri wa Marekani, kwa hiyo karibu kila Cobra unayoiona barabarani ni ya kuigiza: chesisi ya mabomba ya chuma, bodi ya faiba, injini ya kisasa. Bosi wangu ni mtu wa dhahabu Chunya, ya kwake imetoka Sauzi, mi ndo naitunza na kuitembeza, na haya ndo niliyojifunza.

Kama bado unatafuta, angalia Sauzi kwanza. Kule wanazitengeneza miaka mingi, Port Elizabeth na Durban, na unapata usukani wa kulia, afu inaingilia Tunduma, hapo tu jirani. Piga hesabu ya ushuru kabla hujalipa chochote: asilimia 25 ya forodha, injini ikizidi cc 2000 kuna asilimia 10 ya ekzaizi (ushuru wa bidhaa), VAT asilimia 18 juu yake, na zinabebana. Mtafute wakala mzoefu, usijifanye mjuaji.

Haya, nguvu. IST ya 1.3 ina hospawa kama 87. Hii ya bosi ina 500 na ushee na uzito wake ni IST iliyobeba abiria wawili tu. Haina ABS ya kuzuia tairi zisijifunge ukikanyaga breki, haina eabegi, haina kompyuta ya kukuokoa tairi za nyuma zikianza kuteleza, kompyuta ni mguu wako wa kulia. Kwa hiyo wiki ya kwanza vaa kiatu chembamba, sio gamubuti wala zile buti za migodini, ujue pedeli iko wapi. Na asubuhi ya Juni baridi imekaza usiguse kitu kilometa kumi za mwanzo, zile tairi pana zikiwa za baridi ni kama sabuni, nilitoka Uyole nikaweka gia ya pili kwa papara na mkia ukaja kunisalimia dirishani, yaani dirisha lenyewe hamna.

Sa hapa ndo wengi wanakosea: mwinuko. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700, hewa ni nyepesi, injini isiyo na tabo inapoteza kama asilimia 15 mpaka 18 ya nguvu, zile 500 zinabaki 420 hivi (bado zinatosha kukuua, usihuzunike). Kama yako ni ya sindano, yaani petroli inapulizwa kwa kompyuta, kompyuta inajirekebisha yenyewe, ruka hii sehemu. Kama ni ya kabureta na imetyuniwa pwani, ikifika huku itakuwa inakula mafuta mengi kuliko hewa ya huku inavyohitaji: plagi nyeusi, harufu ya petroli, sailensa inakohoa moshi. Dawa ni kushusha jeti (vile vitundu vya kabureta vinavyopitisha petroli), namba moja kwa kila mita 600 hivi, kwa hiyo huku tulishusha namba tatu ikatulia. Lakini sikiliza vizuri hapa: ukishatyuni ya Mbeya usiikurupushe kwenda nayo Kyela au Dar. Ziwa Nyasa liko chini ya mita 500, hewa inarudi nzito, mafuta yanakuwa machache, injini inachemka na kugonga, na pistoni ikitoboka utalia wewe. Mi jeti za pwani natembea nazo kwenye kikopo cha dawa, nasimama, nabadili, kazi ya nusu saa ukiizoea, ila subiri injini ipoe kwanza.

Barabara kuu ya Zambia ina shida yake. Masemi yameichimba mifereji ya matairi, na tairi pana za Cobra zinapenda kufuata ule mfereji, usukani unavutwa kama mtu anakunyang'anya. Usishindane nao, shika kwa ulegevu, endesha pembeni ya mfereji. Matuta ingia kwa mshazari, tairi moja baada ya nyingine, la sivyo utaacha eksozi hapo. Kwenye 50 kaa kwenye 50, gia ya kwanza peke yake inavuka 60 bila wewe kujua na wale wa tochi wanakusikia kabla hawajakuona.

Kitonga ukiwa unashuka kuelekea Moro, weka gia kabla ya kuanza mteremko, sio katikati, uiache injini ishike gari, breki uzipe pumzi. Kwenye kona kumbuka gari ni fupi, kati ya tairi la mbele na la nyuma hazifiki mita 2.3, kwa hiyo ukiachia mafuta ghafla katikati ya kona mkia unazunguka. Punguza mwendo kabla ya kona, ingia na mafuta kidogo yasiyotikisika, fungua ukishaona mbele. Na angalia dizeli, malori humwaga kwenye vile vikona vya kupanda. Ukikwama nyuma ya semi ukiwa unapanda, uko gia ya kwanza muda mrefu, chungulia jeji ya joto, ikipanda tafuta sehemu pana usimame, usizime mara moja, acha feni ifanye kazi.

Barabara tamu kuliko zote ni ya Chunya, lami, kona nyingi, inapita juu kabisa milimani, jumapili asubuhi magari machache. Ila ukungu. Ukikuta ukungu geuza, sina maelezo zaidi.

Ukienda Tukuyu beba turubai, hata kama Mbeya jua linawaka. Mvua ya kule haipigi hodi na hii gari paa lake ni kitambaa cha kufunga na vifungo dakika kumi, utakuwa umeshaloa.

Mwisho eksozi. Zinapita ubavuni, kila upande, moto kabisa, kila mwenye Cobra ana kovu kwenye shavu la mguu, mi langu liko kushoto. Toka kwa kutanua mguu, usivae kaptula, na ukisimama sheli au pale wanapouza ndizi Kiwira watoto watakuja kuigusa kabla hujazima, kwa hiyo shuka wewe kwanza usimame upande wao mpaka chuma kipoe.