Namna ya Kuandika Wasifu Mfupi wa George Eliot

Anayetaka kuandika wasifu wa George Eliot, mwanamke mwandishi wa riwaya wa Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, aliyelitumia jina hilo la kiume kama jina la kalamu, aanze kwa kupanga majina yake kwa miaka. Alizaliwa tarehe 22 Novemba 1819 karibu na Nuneaton, akabatizwa Mary Anne Evans. Alipohamia London mwaka 1851 na kushika kazi ya uhariri wa jarida la Westminster Review, alijiita Marian. Alipoanza kuishi na mwandishi na mhakiki George Henry Lewes mwaka 1854 alitaka aitwe Bi. Lewes, ijapokuwa hawakuwa wameoana. Ushauri wangu ni kumwita Evans katika sura za mwanzo, na kutolitumia jina la Eliot kabla ya tarehe 4 Februari 1857, siku alipolitia sahihi kwa mara ya kwanza katika barua kwa mchapishaji wake, John Blackwood. Kufikia hapo hadithi yake ya kwanza ilikwisha kuanza kutoka gazetini bila jina lolote, na Blackwood mwenyewe hakujua kwamba anaandikiana na mwanamke.

Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni kueleza sababu ya kujificha nyuma ya jina la mwanamume. Wengi huandika kwamba alijificha kwa kuwa wanawake hawakuruhusiwa kuchapisha, jambo ambalo si kweli, maana riwaya za wanawake zilijaa madukani. Tatizo lake lilikuwa la nyumbani: Lewes alikuwa na mke, Agnes, na kwa kuwa aliwahi kukubali kuwaandikisha kama wake watoto ambao Agnes aliwazaa na mwanamume mwingine, sheria ilimfungia njia ya talaka. Riwaya ya mwanamke aliyeishi na mume wa mtu ingehukumiwa kabla ya kufunguliwa. Ongeza sababu ya pili, ambayo naona haipewi uzito unaostahili: mnamo Oktoba 1856 alichapisha, bila kutaja jina lake, makala ya kuwakejeli wanawake waliokuwa wakiandika riwaya za kipuuzi, na sasa yeye mwenyewe alikuwa akiingia katika uwanja huohuo.

Kisha mwonyeshe msomaji jinsi siri ilivyovuja, kwa sababu hapo ndipo maisha haya yanapochangamka. Mwezi Januari 1858 mwandishi wa riwaya Charles Dickens alimwandikia “George Eliot” barua ya pongezi, akasema kwamba angeachiwa afuate hisia zake angemwandikia kama mwanamke. Huko Warwickshire, jimbo alikozaliwa Evans, wasomaji waliwatambua majirani zao ndani ya hadithi, na uvumi ukamwangukia mtu mmoja wa huko, Joseph Liggins, ambaye hakujihangaisha kuukanusha. Riwaya ya Adam Bede ilipotoka Februari 1859 na kupendwa mno, wako waliomhurumia Liggins kwa kuamini kwamba mchapishaji anamdhulumu, hata wakataka kumchangia fedha. Kadhia hiyo ndiyo iliyomsukuma mwandishi kujitokeza katikati ya mwaka huo. Usiishie hapo, lakini: eleza kwamba siri ilikwisha na jina likabaki, hata riwaya yake ya Middlemarch ya mwaka 1871 na 1872 ikatoka nalo.

Kuhusu vyanzo, utakutana kwanza na wasifu wa juzuu tatu wa mwaka 1885 ulioandaliwa na John Walter Cross, aliyemwoa Eliot Mei 1880, miezi saba tu kabla ya kifo cha mwandishi huyo. Cross aliukusanya kutokana na barua na shajara za mkewe, akakata yale aliyoona hayafai, hivyo mwandishi anatoka humo mkavu na mwenye taadhima kupita kiasi. Kila nukuu uilinganishe na barua kamili alizozihariri mtafiti Gordon Haight katika juzuu tisa. Anza na zile za mwaka 1857, alipomweleza kaka yake Isaac kuhusu Lewes. Isaac alimjibu kupitia kwa wakili, akanyamaza hadi mwaka 1880, alipompelekea pongezi za ndoa.