Geuza kompyuta ya stoo iwe seva ya mafaili ya nyumba nzima

Kama kuna desktopu imelala stoo tangu ofisi ibadilishe mashine, usiwape watu wa chuma chakavu waipime kwa kilo. Hiyo ndo seva yako. Picha za send-off, video za watoto, skani za hati ya kiwanja na vyeti vya shule, vyote vinakaa sehemu moja na kila mtu pale nyumbani anafungua kwa simu, laptopu au TV bila kula bando hata MB moja, maana mafaili yanatembea ndani ya ruta yako tu, hata intaneti ikikata we unaendelea kuangalia.

Pesa yako iende kwenye diski na kwenye umeme, siyo kwenye prosesa, hilo naliweka mbele kabisa kwa sababu wengi wanaanzia kwenye prosesa. Seva ya nyumbani inagawa mafaili tu, haichezi gemu. Core i3 ya jeneresheni ya pili, zile zilizotoka 2011, inatosha kabisa na RAM ya GB 4. Core 2 Duo nayo itafanya kazi ila inakula umeme zaidi, na utaliona kwenye LUKU. Fanya hesabu: mashine inayokula wati 40 muda wote inamaliza karibu uniti 1 kwa siku, yaani kama 29 kwa mwezi, sasa kama nyumba yako ipo kwenye ile tarifu ya matumizi madogo isiyotakiwa kuvuka uniti 75 kwa mwezi hapo umeshakula sehemu kubwa kabla hujapiga pasi. Kwa hiyo chomoa kadi ya grafiki kama mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, ina tundu lake la monita, chomoa na DVD, na kama watu wanaitumia jioni tu basi iwake jioni tu, hakuna sheria kwamba seva lazima ikeshe.

Kama huna mashine, Kariakoo za mtumba zipo tele. Chukua iliyosimama, yenye kasha pana, usichukue ile nyembamba ya kulaza, maana nyembamba nyingi zinaingia diski moja kubwa basi. Mwambie muuzaji kwa upole tu, "Kaka, naomba tuifungue tuone ndani," akikataa nenda duka la pili. Angalia kapasita za mazabodi, zikiwa zimevimba kichwani achana nayo. Angalia kutu pia, mashine iliyokaa karibu na bahari, Kigamboni huko au Msasani, chumvi ya hewa inakula matundu ya RAM taratibu.

Diski ndo hapa pa kutulia. Diski ya mtumba usinunue bila kuipima. Beba laptopu yenye CrystalDiskInfo, programu ya kupima afya ya diski, na waya wa kubadili SATA, yaani tundu la diski, kwenda USB, ichomeke hapo hapo dukani. Juu kulia utaona saa ilizowahi kufanya kazi, diski yenye saa 40,000 imewaka zaidi ya miaka minne na nusu mfululizo, hiyo siyo ya kuwekea picha za mtoto. Kisha shuka kwenye mistari ya 05, C5 na C6. Ya kwanza ni sehemu zilizokufa na kuhamishwa, mbili zinazofuata ni sehemu ambazo diski inashindwa kuzisoma, na zote tatu zinatakiwa ziwe sifuri. Muuzaji atakwambia neno Good limeandikwa kwa bluu, tatizo hamna, we angalia hizo namba. Afu weka sikio karibu: mlio wa tak, tak, tak unaojirudia maana yake kichwa cha kusomea kinahangaika, irudishe. Bajeti ikiruhusu nunua diski mpya mbili na vingine vyote viwe vya stoo.

Kabla ya kufunga chochote, puliza vumbi, paka pesti mpya kati ya prosesa na feni lake, ile ya zamani itakuwa imekauka kama chaki. Badilisha na betri ndogo ya mazabodi, CR2032, bei yake ni ndogo ila ikifa umeme ukikatika mashine inasahau setingi zote na inabaki imeganda ikisubiri mtu aje abonyeze F1. Ukishaweka mpya ingia BIOS, ile menyu ya setingi za mashine yenyewe, tafuta sehemu ya kuamua mashine ifanye nini umeme ukirudi, weka iwake yenyewe.

Programu ya kuendeshea seva ninayoshauri ni OpenMediaVault, ya bure, imejengwa juu ya Debian, aina mojawapo ya Linux. TrueNAS ni nzuri sana lakini inataka RAM kuanzia GB 8, waachie wenye mashine kubwa. Pakua ISO, yaani faili lake la kusimikia, iandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus, isimike kwenye SSD ndogo ya peke yake. Wakati wa kusimika chomoa waya za diski za data, nasisitiza hapo, maana ukichagua diski isiyo yenyewe inafutwa yote na hakuna swali la pili. Ikimaliza zirudishe, skrini itakuonyesha anwani ya IP, iandike kwenye brauza ya laptopu, jina ni admin na paswedi ni openmediavault, ibadilishe muda huo huo. Baada ya hapo ni kufomati diski kwa EXT4, kutengeneza foda za kushea, kufungua yuza wa kila mtu na kuwasha SMB, njia ya kushea mafaili ambayo Windows inaielewa. Kila ukibadilisha kitu utaulizwa uthibitishe kwa juu, usipothibitisha hakuna kilichobadilika. Kwenye ruta ifungie seva IP moja isiyobadilika, tuseme 192.168.1.50, kisha Windows unaandika \\192.168.1.50 kwenye sehemu ya anwani ya mafaili umeingia, na kwenye simu hata VLC inazisoma hizo foda.

Tumia waya, siyo waifai, kati ya seva na ruta. Angalia na tundu za ruta, nyingi za bei rahisi ni Mbps 100, hapo faili za harusi za GB 50 zinachukua kama saa moja na robo, wakati kwa swichi ya gigabiti na waya wa Cat5e ni kama dakika nane hivi, ila na diski na laptopu nazo ziwe zinamudu.

UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme, usiiruke kwa umeme wetu huu wa kukata na kurudi mara mbili ndani ya dakika. Iunganishe na seva kwa USB, weka plagini ya NUT inayoisomea seva hali ya UPS, betri ikikaribia kuisha seva inajizima kistaarabu. UPS ya zamani mara nyingi imekufa betri tu, ya volti 12, inabadilishwa.

Kuhusu diski mbili, wengi wanakimbilia RAID 1, yaani diski mbili zinazoandikwa kitu kile kile kwa pamoja. Kwa nyumbani mi naona bora diski ya pili ipokee nakala kila usiku kwa rsync, programu ya kunakili mafaili, bila kuruhusu ifute, kwa sababu mtoto akifuta foda saa tisa mchana RAID inafuta kote kote sekunde hiyo hiyo, rsync unaikuta bado ipo. Na zile ambazo hazirudi tena, hati na picha za wazazi, ziweke kwenye diski ya nje ikae kwa dada yako Mbagala, ibadilishane na nyingine kila mwezi, maana mwizi au moto haubagui diski ya kwanza na ya pili.

Ukitaka kuingia ukiwa mbali, usifungue porti 445, mlango wa SMB, kwenye ruta hata siku moja, virusi vya WannaCry vya 2017 vilisambaa kwa kupitia SMB. Weka Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri, kwenye seva na kwenye simu yako, inapita hata kwenye laini za 4G zisizo na IP ya peke yako.